Treni Kubwa ya Mfano kwa Vipuri vya Bei Nafuu

Treni kubwa za mfano, zile zinazopita juu ya reli zenye nafasi ya milimita 45, zilianza kupata wapenzi wengi kuanzia mwaka 1968, kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, ilipoingiza sokoni treni zake za LGB. Ni treni za uani. Zinavumilia jua na mvua, kichwa kimoja kinaweza kuwa na uzito wa kilo kadhaa, na mtu mzima anaweza kuzifungua na kuzifunga kwa bisibisi ya kawaida bila miwani ya sonara. Kinachowakatisha watu tamaa ni bei ya vipuri vyenye nembo ya kiwanda. Ukitaka kubadilisha magurudumu ya mabehewa manne, kuweka taa ndani na kuwapakia abiria, unaweza kujikuta umelipa zaidi ya ulivyolipia treni yenyewe.

Hakuna sababu ya kufika huko. Sehemu kubwa ya vipuri hivyo vinauzwa mtandaoni kwa bei ndogo sana, ila haviuzwi kwa jina la treni. Taa ziko kwa wauzaji wa elektroniki. Abiria wako kwa wanaouza vifaa vya wasanifu majengo. Minyororo na kengele ziko kwa wauza shanga, na vidhibiti vya mwendo viko kwa wapenzi wa magari ya rimoti. Unachotakiwa kutoa badala ya fedha ni kazi ya kupima. Kwa hiyo kabla ya kuagiza chochote kingine, nunua kalipa ya dijitali na multimita. Zote mbili hupatikana kwa bei ya chini, na zitakuokoa na vifurushi vingi visivyo na kazi.

Jua kipimo cha treni yako

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tukae kidogo. Reli ya milimita 45 ni moja, lakini treni zinazopita juu yake hazina kipimo kimoja. LGB hutumia 1:22.5 kwa sababu ziliundwa kuiga reli za upana wa mita moja: gawanya milimita 1,000 kwa 22.5, unapata 44.4. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ni habari njema, maana reli kongwe ya kutoka Mombasa hadi Kisumu na Reli ya Kati ya Dar es Salaam hadi Kigoma zote ni za mita moja. Treni ya LGB iliyopakwa rangi upya inaweza kuwa treni ya Voi au ya Tabora bila kudanganya vipimo.

Wale wenye mapenzi na TAZARA watumie 1:24. Reli yake ina upana wa milimita 1,067, na ukigawanya kwa 24 unapata 44.5. SGR, ya Kenya au ya Tanzania, ina milimita 1,435. Gawanya kwa 32, jibu ni 44.8. Yaani reli zetu zote tatu, kila moja na historia yake, zinaweza kuigwa juu ya reli ile ile ya uani, mradi kila treni ifuate kipimo chake. Sijui mchezo mwingine wa treni unaotupa nafasi nzuri kama hii. Wamarekani wao hutumia 1:20.3 kwa reli zao za futi tatu, na baadhi ya kampuni zao, kama USA Trains, zilichagua 1:29.

Tatizo ni kwamba wauzaji huandika herufi G juu ya vipimo vyote hivyo. Usiisadiki herufi, sadiki milimita. Mtu mwenye urefu wa mita 1.7 anapaswa kuwa na milimita 76 katika 1:22.5, milimita 71 katika 1:24, na milimita 53 katika 1:32. Ukiona tangazo la sanamu za abiria, usiangalie picha. Tafuta urefu wake kwa milimita, na kama haukuandikwa, muulize muuzaji. Asipojibu, mwache.

Tofauti ndogo husameheka. Sanamu au gari la 1:24 likisimama kando ya treni ya 1:22.5 huwa dogo kwa asilimia 6 hivi, na hakuna jicho litakalolalamika. Hii inakufungulia mlango mkubwa, kwa sababu 1:24 ni kipimo cha magari mengi ya chuma ya kuchezea, zikiwamo Land Rover Defender zinazofaa kabisa kuegeshwa kwenye stesheni, na pia ni kipimo cha samani nyingi za nyumba ndogo za wanasesere. Aliyechagua 1:32 atapata matrekta na zana za shamba kwa wingi. Lakini gari la 1:18 litaifanya treni ionekane kibeti, na la 1:43 litaonekana limepotea njia.

Anza chini, kwa magurudumu

Watu wengi huanza na mapambo. Mimi nakushauri uanze na magurudumu, kwa sababu treni inayoruka reli haipendezi hata ikiwa na abiria waliopakwa rangi kwa ustadi. Seti nyingi za bei ya chini huja na mabehewa yenye magurudumu ya plastiki. Plastiki ni nyepesi, na huusambaza uchafu juu ya reli mpaka kichwa cha treni kikose umeme. Magurudumu ya chuma huongeza uzito pale unapohitajika, chini kabisa, na behewa hutulia kwenye kona.

Mabehewa mengi ya kipimo hiki hutumia magurudumu yenye kipenyo cha karibu milimita 31, lakini usiagize kwa kutegemea sentensi hii. Toa ekseli moja, pima vitu vinne: kipenyo cha gurudumu, urefu wa ekseli kutoka ncha hadi ncha, unene wa ncha zake, na nafasi iliyopo kati ya migongo ya magurudumu mawili. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachoamua kama behewa litapita kwenye njia panda za reli bila kupanda juu. Viandike kwenye karatasi na uvilinganishe na tangazo.

Ekseli zikifika, shika multimita, iweke kwenye alama ya mlio, gusa gurudumu la kushoto na la kulia. Isilie. Ikilia, ekseli hiyo inapitisha umeme kutoka reli moja hadi nyingine, na ukiiweka relini italeta shoti. Zilizotengenezwa vizuri huwa na kizuizi cha plastiki angalau upande mmoja.

Kuhusu gia za kichwa, sina mengi: fungua, futa grisi ya zamani iliyoganda, weka kidogo grisi ya silikoni isiyodhuru plastiki. Oili ya gari ibaki kwenye gari.

Taa: hapa ndipo utamu ulipo

Treni za LGB za mfumo wa kawaida hutumia umeme wa moja kwa moja, DC, unaopanda kutoka sufuri hadi volti 24 hivi kadiri unavyozungusha kitufe. Balbu zake za zamani hula umeme mwingi na hutoa joto. Taa ya LED ya milimita 3 hula kidogo sana, na ukiagiza mtandaoni unapata mfuko mzima wa mia moja kwa bei ya balbu chache za kiwandani. Chagua nyeupe yenye joto, ile iliyoandikwa 2700K hadi 3000K. Nyeupe ya baridi, 6000K na kuendelea, hufanya behewa la zamani lionekane kama chumba cha upasuaji.

LED nyeupe inataka volti 3 hivi tu, kwa hiyo lazima iwe na rezista mbele yake. Hesabu yake ni nyepesi. Toa 3 katika 24, unabaki na 21. Gawanya kwa mkondo unaoutaka, ampea 0.01 inatosha kwa taa ya treni. Jibu ni omu 2,100, na kipimo cha karibu kinachouzwa ni omu 2,200. Rezista hiyo itabeba karibu wati 0.2, kwa hiyo nunua za nusu wati badala ya robo, zisipate moto karibu na plastiki.

Kumbuka kwamba treni ya DC inaporudi nyuma, chanya na hasi hubadilishana. LED hupitisha umeme upande mmoja tu, na ukiigeuzia volti 24 inaweza kufa. Kwa taa ya mbele, weka daiodi ya 1N4007 kwenye waya huo huo, mfululizo na LED: taa itawaka treni ikienda mbele na kuzima ikirudi, kisha unaweka nyingine ya nyuma kwa mpangilio uliogeuzwa. Kwa mabehewa unataka taa ziwake pande zote mbili, kwa hiyo tumia daraja la daiodi. Ni kipande kidogo chenye miguu minne: miwili inapokea umeme wa reli bila kujali upande, miwili inatoa chanya na hasi zisizobadilika.

Baada ya daraja weka kapasita ya maikrofaradi 1,000, na uhakikishe imeandikwa volti 35 au zaidi. Ya volti 16 itapasuka. Kapasita hiyo inaweza kuilisha LED moja kwa takriban sekunde moja umeme ukikatika, muda unaotosha gurudumu kuvuka kipande cha reli chenye uchafu bila taa kupepesa. Mguu wake wa hasi una mstari pembeni. Ukiugeuza, hatari ni ile ile ya kupasuka. Wanaotumia mfumo wa dijitali waweke rezista ya omu 100 kabla ya kapasita, ili isivute umeme mwingi kwa ghafla.

Behewa zima la abiria halihitaji taa moja moja. Nunua mkanda wa LED wa volti 12 wenye taa 60 kwa mita. Mkanda huo hukatwa kila baada ya taa tatu, yaani kila sentimita 5, kwa hiyo utauenesha darini kwa urefu wowote. Mita 5 za mkanda zitatosha mabehewa yote uliyo nayo na ya jirani yako. Kabla ya mkanda weka kibao kidogo cha kushusha volti, kile chenye chipu ya LM2596, kinachopokea hadi volti 40. Zungusha skrubu yake huku multimita ikiwa imeshikishwa, uishushe hadi volti 9 au 10 kabla hujaunga mkanda. Katika volti hizo taa huwaka kwa upole, kama taa za mabehewa ya zamani zilivyokuwa, na mkanda hudumu.

Umeme utaufikishaje kutoka reli hadi darini? Magurudumu ya kiwandani yenye beringi za kupokelea umeme ni ghali. Njia ya nafuu ni ukanda mwembamba wa shaba ya fosforasi, unaokatwa kwa mkasi na kukunjwa ili uguse mgongo wa gurudumu la chuma bila kulibana. Uguse tu, ukikandamiza, behewa litakuwa na breki.

Na kama kidhibiti chako cha umeme kimekufa, usikimbilie kununua cha kiwandani. Chaja ya laptop ya volti 19 yenye ampea 3 na kitu, ikiunganishwa na kibao cha PWM cha kuongoza kasi ya mota na swichi ya miguu sita ya kugeuza mwelekeo, huendesha treni za kawaida vizuri sana. Weka fyuzi ya ampea 3 kati ya chaja na kibao. Njia hii ina faida nyingine: PWM hutuma volti zote 19 kwa vipigo vifupi vifupi, kwa hiyo kapasita za mabehewa hujaa hata treni ikitambaa, na taa zinawaka wakati treni inaingia stesheni polepole. Usiitumie kwa kichwa chenye chipu ya dijitali au ya sauti kabla ya kusoma maelekezo yake.

Betri: usibane matumizi hapa

Wengi hupenda kuachana na umeme wa reli na kuweka betri ndani ya behewa. Kwa wakazi wa pwani nawaelewa kabisa, kwani hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Zanzibar huchafua reli za shaba haraka, na kuzisugua kila mara kunachosha. Lakini betri ndiyo sehemu ninayokuomba usitafute bei ya chini kuliko zote.

Seli za lithiamu za 18650 zina volti 3.7 kila moja. Seli nzuri kabisa ya ukubwa huo hufikia karibu miliampea-saa 3,500. Tangazo linalosema 9,900 ni uongo, hata kama lina nyota nyingi. Seli ya kweli ina uzito wa gramu 45 hivi. Ikija na gramu 30, ndani yake kuna kidogo kuliko kilichoandikwa nje. Nunua kwa muuzaji anayeaminika, ikiwezekana hapo hapo nchini, kwa kuwa usafirishaji wa lithiamu kwa ndege una masharti mengi na kifurushi kinaweza kurudishwa.

Seli nne mfululizo hutoa volti 14.8, na zikijaa ni 16.8. Lazima ziwe na kibao cha ulinzi kilichotengenezwa kwa seli nne, na chaja yake iwe ya lithiamu ya volti 16.8, isiwe chaja yoyote iliyokuwa kwenye droo. Vidhibiti vingi vya bei nafuu vya magari ya rimoti vimetengenezewa seli mbili au tatu tu, haijalishi vimeandikwa ampea mia ngapi. Soma mstari wa volti kwanza. Kama kidhibiti ni cha seli tatu, tumia seli tatu, volti 11.1, treni itakwenda taratibu, na mwendo wa taratibu ndio unaofanana na wa kweli. Usichaji treni ikiwa juani, wala usiiache ikichajiwa usiku kucha bila mtu.

Sauti

Kibao kiitwacho DFPlayer Mini husoma faili za MP3 kutoka kwenye kadi ya memori hadi gigabaiti 32 na huendesha spika ya wati 3 bila kikuza sauti kingine. Kinataka volti 5 zisizozidi, kwa hiyo LM2596 ina kazi tena. Kata tundu chini ya behewa, gundisha spika ikitazama chini, na uizibe nyuma kwa kikasha kidogo. Bila kikasha sauti huwa nyembamba. Rekodi mwenyewe honi ya treni ya kwenu na mlio wa magurudumu yakivuka maungio ya reli. Sauti iliyorekodiwa Moshi au Athi River ina thamani kuliko faili lolote la kupakua.

Watu, mizigo na rangi

Wasanifu majengo hutumia sanamu ndogo za watu zilizokwisha kupakwa rangi, na zile za 1:25 huuzwa kwa makumi. Ni fupi kidogo kwa 1:22.5, na ndani ya behewa hilo halionekani. Zilizosimama wima hugeuzwa kuwa abiria kwa kuzikata miguu chini ya kiuno na kuzigundisha kwenye viti. Dirisha huficha kilichobaki. Mavazi yake ni ya Ulaya, hivyo wapake rangi upya kwa akriliki isiyong'aa. Kanzu na kofia ni kazi ya dakika chache. Kwa kanga, chapisha mchoro mdogo wenye pindo na mji kwenye karatasi nyembamba, iloweshe kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kisha uizungushie sanamu ikiwa mbichi. Kitambaa halisi hakifai, uzi wake ni mnene mno kwa kipimo hiki.

Mnyororo wa sonara wa milimita 2 hufaa kufungia mizigo. Shanga za shaba huwa kengele na vikombe vya taa. Kokoto za tangi la samaki hufaa kuwa kokoto za reli, ukichagua ndogo zenye kingo badala ya za mviringo. Behewa la makaa ya mawe lijaze makaa halisi yaliyopondwa na kushikizwa kwa gundi ile ile nyeupe. Magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi ya udongo, matenga, ndoo na baiskeli juu ya bodi: hivi ndivyo vitu vinavyomfanya mtazamaji wa huku aseme hii ni treni yetu.

Anayetaka kwenda mbali zaidi ana mfano wa kumwota. Kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi yupo Mount Gelai, namba 5918, mmoja wa vichwa 34 vya Garratt vya daraja la 59 vilivyojengwa na Beyer, Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950. Urefu wake ni kama mita 31.7. Katika 1:22.5 atakuwa na mita 1.4, na hatapita kwenye kona za nusu kipenyo cha milimita 600 zinazokuja na seti za mwanzo bila kuundiwa viungo maalumu. Lakini rangi yake ya damu ya mzee unaweza kuipaka kwenye kichwa kidogo leo hii.

Viunganishi vya mabehewa vitazame kwa haraka: chagua aina moja na ubaki nayo kwenye treni nzima, upime kimo chake kutoka juu ya reli, na kama una aina mbili, tenga behewa moja lenye aina hii mbele na ile nyuma. Skrubu zote za nje ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Wakati wa kuagiza

Weka orodha na uagize kwa pamoja, kwa sababu usafiri na ushuru wa forodha wa kifurushi kimoja huwa nafuu kuliko wa vifurushi sita vidogo. Kabla ya kulinganisha bei ya AliExpress au eBay na ya duka la mtaani, jumlisha usafiri, ushuru na VAT. Rezista, nyaya na swichi mara nyingi ni rahisi zaidi kwa fundi redio wa karibu. Kwa vipuri vidogo agiza zaidi ya unavyohitaji, maana viwili vitatu huja vibovu, na kila kimoja ukipime kabla hujakifungia ndani ya behewa. Kwa magurudumu na viunganishi fanya kinyume: agiza jozi moja kwanza, ijaribu relini, kisha ndipo uagize zilizobaki.

Kama bajeti inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua magurudumu ya chuma.